Migosi: Ghorofa Zaota, Lakini Chini Kuna Nini?

Kama umewahi kwenda Kisumu kwa basi la usiku, msomaji, basi wajua kwamba usingizi humwisha mtu pale Awasi. Kericho huwa umeipita ukiwa umejikunyata kwa baridi, shuka mabegani, kioo cha dirisha kikitoka jasho. Kisha barabara huanza kuteremka, na kuteremka, masikio yakaziba kidogo, na mara joto linakulaki usoni kama la mtu aliyefungua mlango wa jikoni. Kule juu kwenye majani chai ulikuwa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hapa Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, umebakiwa na mita 1,150 hivi.

Hii ndiyo tambarare ya Kano, na ndiyo kwetu. Kaskazini kuna ukuta wa milima ya Nandi, kusini kuna mwinuko wa Nyabondo, na katikati ardhi imelala kama sinia. Wanajiolojia husema kwamba hapo kale kipande hiki cha nchi kilididimia, kikawa tawi la lile Bonde la Ufa linalojulikana na kila mtoto wa shule. Tangu hapo mto Nyando na wenzake wamekuwa wakileta tope kutoka milimani na kulitandaza humu mwaka hadi mwaka. Sinia hilo linapokutana na Ziwa Victoria ndipo ulipo mji wa Kisumu. Kwa hiyo usidanganyike na hesabu ya mita kutoka baharini. Kisumu ni mji wa bondeni, na maji ya pande zote huuona mji huo kuwa njia yao.

Safari yangu hii haikuwa ya kutalii. Nilikuwa nimetumwa.

Shangazi yangu, ambaye sisi kwa lugha ya nyumbani humwita waya, anaishi Migosi. Ni mjane wa miaka sabini na kitu, ana nyumba yake ya vyumba vinne, mwembe mmoja, kuku wanane na bustani ya sukumawiki isiyozidi ukubwa wa kitanda. Mwanawe wa kwanza, binamu yangu, anafanya kazi Nairobi. Amechukua mkopo kwenye chama chake cha ushirika. Anataka nyumba ya mamake ibomolewe, na mahali pake pajengwe ghorofa la orofa tano, nyumba ishirini za kupangisha, na waya apewe moja ya chini ambayo haitamsumbua magoti. Ramani imekwisha kuchorwa na mkopo umeanza kukatwa kwenye mshahara. Kilichobaki ni sahihi ya waya tu, nayo ameikataa kwa miezi minne.

"Nenda wewe," binamu aliniambia. "Wewe ni mtu wa maneno. Atakusikia."

Nakiri hapa mbele ya wasomaji kwamba nilikwenda nikiwa upande wa binamu.

Kutoka kituo cha mabasi nilipanda tuktuk. Tulipita soko la Kibuye, tukapita Kondele chini ya daraja la juu kwa juu, kando ya ile hospitali ambayo sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga lakini ambayo wazee, na wengi wa vijana pia, wangali wakiiita "Russia" kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Ukimwambia dereva wa bodaboda "nipeleke Russia" hatakuuliza pasipoti. Kutoka hapo si mbali, ukakata kona, ukaingia Migosi.

Wanaokuja Migosi leo kwa mara ya kwanza hudhani ni mtaa uliozaliwa wenyewe, nyumba hii na ile. Sivyo. Migosi ulipangwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilianzisha miradi ya makao katika Nairobi, Mombasa na Kisumu. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi: badala ya kumjengea mwananchi nyumba nzima ambayo hangeweza kuilipia, mpe ploti iliyopimwa, barabara, maji na bomba la maji taka, kisha mwachie ajijengee polepole kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Waya na marehemu mumewe walipata yao. Chumba cha kwanza kilijengwa mwaka huo, cha pili baada ya miaka mitatu, sebule baada ya mvutano na mashemeji. Ukiitazama nyumba ya waya utaweza kusoma maisha yake kwenye matofali, maana kila chumba kina matofali ya rangi yake.

Jambo moja nataka ulishike, kwa kuwa tutalirudia. Mabomba ya mtaa huu yalizikwa kwa hesabu ya ploti moja, familia moja, pengine na wapangaji wawili watatu nyuma.

Sasa simama kwenye lango la waya utazame. Kulia kuna ghorofa la orofa nne lililopakwa rangi ya machungwa. Kushoto kuna mjengo unaoendelea, na sauti ya kichanganyio cha zege haikomi tangu saa moja asubuhi. Mbele, juu ya mapaa ya mabati yaliyoshika kutu, nilihesabu ghorofa saba, mengine yana nguo kwenye kila roshani, mengine bado yana vyuma vilivyochomoza juu kama nywele za mtu aliyeshtuka. Vyuma hivyo ni alama ya tamaa, kwani mwenye nyumba ameacha nafasi ya kuongeza orofa nyingine akipata pesa. Mengi huishia orofa ya nne juu ya ile ya chini, na sababu si uzuri wala hofu ya Mungu. Ukipita hapo unatakiwa utie lifti, na lifti ni gharama.

Watu wanatoka wapi? Kaunti ya Kisumu ilihesabiwa mwaka 2019 kuwa na watu zaidi ya milioni 1.1. Kuna wanafunzi wa vyuo, wauguzi wa "Russia", makarani wa kaunti, vijana wa mashirika. Mji ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2001, ulipotimiza miaka 100 tangu reli ifike ziwani. Uwanja wa ndege ukapanuliwa. Bandari ikakarabatiwa. Mei 2022 mkutano wa miji ya Afrika, Africities, ukafanyika hapa hapa, na kabla ya wageni kufika kila mwenye ploti alikuwa ameota hoteli. Ardhi haiongezeki, kwa hiyo watu wanapanda juu. Siwalaumu.

Lakini waya hakuwa akitazama juu.

Jioni ya kwanza, baada ya samaki na kuon, alinichukua hadi ukuta wa nyuma wa nyumba yake, ule wa chumba cha pili. Kulikuwa na ufa uliotoka kwenye kona ya dirisha ukapanda hadi kwenye dari, kama ngazi, tofali kwa tofali.

"Tia kidole," akasema.

Nikatia. Kikaingia hadi kiungo cha kwanza.

"Njoo tena mwezi wa tano wakati wa mvua. Hakitaingia. Ufa huu hufunga na kufungua kila mwaka. Mumewe wangu aliuziba mara sita, saruji ikaanguka mara sita. Mwanangu, wewe ni mtoto wa Kano. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Yeyote aliyekulia Kano ameuona udongo ule mweusi unaonata, ambao mafundi wote wa Kenya huuita "blaki koton". Mvua ikinyesha huvimba, ukawa mzito, ukavua mtu viatu. Kiangazi kikija hukauka ukapasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto huingia ukapotea. Tulipokuwa wadogo tulichezea mle, tukidondosha mawe na kusikiliza yanagonga lini. Siri yake iko katika chembe za udongo wenyewe: ni vipande vyembamba mno vilivyopangana kama kurasa za kitabu, na maji hupenya katikati ya kurasa hizo yakazisukuma kando. Yakitoka, kitabu hufunga. Sasa jenga nyumba juu ya kitabu kinachofunguka na kufungwa kila mwaka.

Lililonishangaza ni kwamba jambo hili halifuati akili ya kawaida. Mtu hudhani nyumba ndogo ndiyo salama na ghorofa ndilo la hatari. Kwa uvimbe wa udongo huu mara nyingi ni kinyume. Nyumba ya orofa moja ni nyepesi, na udongo ukivimba huinua kona moja, ukaacha nyingine, ukuta ukapasuka kama wa waya. Jengo zito huugandamiza udongo usiweze kulisukuma kirahisi. Lakini usishangilie bado. Udongo huo huo ukilowa huwa laini, na hauwezi kubeba mzigo mkubwa. Ghorofa halitainuliwa, litazama, na lisipozama sawasawa pande zote, ndipo nguzo zinapopata mzigo ambao hazikupangiwa. Ghorofa lililopinda sentimita chache chini hulipa deni lake juu.

Asubuhi yake nilivuka ua nikaenda kwenye mjengo wa jirani. Msimamizi wa mafundi alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya manjano na subira ya mwalimu. Alinionyesha shimo. Ungeweza kusoma pande zake kama keki: juu, udongo mweusi wa urefu wa mtu mfupi, chini yake tabaka la kijivu lenye vijiwe vyeupe, halafu maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe.

"Hapa tumebahatika," aliniambia. "Tumekuta maramu mapema. Ploti ya pale, ile yenye geti la bluu, walichimba mara mbili ya hii ndipo wakapata kitu kigumu. Na pale mbele, jiwe liko juu kabisa, mpaka wakaita watu wa kuvunja mwamba. Migosi ni hivyo. Hatua mia moja, udongo mwingine."

Akanieleza njia zao. Ya kwanza ni kuutoa udongo mweusi wote na kuubeba mbali, kisha kujaza maramu na kushindilia tabaka kwa tabaka. Ya pili ni kumwaga bamba moja nene la zege lenye vyuma chini ya jengo zima, ili likitikisika litikisike pamoja kama mashua, badala ya kila nguzo kwenda na njia yake. Ya tatu, ya matajiri, ni kuzamisha nguzo za zege hadi kwenye mwamba, ukausahau udongo wa juu kabisa.

"Na wanaotumia njia ya nne?" nikamwuliza.

Akacheka. "Hao huchimba futi tatu, wakafunika haraka kabla mtu hajapita."

Sheria ipo, tusiseme haipo. Ramani hupitishwa na serikali ya kaunti. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili kontrakta na mradi wenyewe, na mjengo hutakiwa uwe na ubao mbele wenye majina ya wahusika. Hata ukitaka kujenga mnara, watu wa usafiri wa ndege lazima waulizwe, kwa kuwa kuna uwanja wa ndege papa hapa kando ya ziwa. Lakini msingi una ubaya mmoja. Hufunikwa, na ukishafunikwa hakuna mpangaji anayeweza kuuona. Hukagua vigae, hufungua bomba, huuliza kama kuna maegesho. Nani amewahi kumwuliza landilodi alichimba futi ngapi?

Nairobi walijifunza kwa machozi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, ghorofa la makazi lilianguka Huruma kando ya mto, likaua watu wapatao 50. Dar es Salaam nao walizika wao wapatao 30 baada ya jengo kuanguka Kariakoo Novemba 2024. Sitaki kuwatisha wenye kuishi kwenye ghorofa, mimi mwenyewe naishi orofa ya tatu. Nataka tu kusema kwamba maji na haraka vikikutana, huwa ni mkutano mbaya.

Na maji ya Kisumu yana tabia zake. Mchana wa siku ya pili niliteremka hadi Dunga, kule wavuvi wanakopandisha mashua. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Lakini wazee wa pale watakueleza miaka kama watu wengine wanavyotaja watoto wao. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, kutokana na zile mvua za wakati wa uhuru. Mwishoni mwa 2006 lilikuwa limeshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 80, watu wakaanza kulima na kujenga mahali ambapo baba zao walitega nyavu. Kisha Mei 2020 likapanda tena, na kwa kipimo cha kule Jinja, Uganda, ambako Mto Nile hutokea, likaivunja rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Mwaka 2024 likaivunja na hiyo. Vibanda vya Dunga viliingiwa na maji, na kule kwetu Kano familia zilihamia shuleni kwa mara nyingine. Ziwa hili hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu yake lenyewe, wala si mito pekee, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu. Ni beseni lenye tundu dogo.

Wakoloni walilijua hilo mapema. Makao yao ya kwanza yalikuwa ng'ambo ya ghuba, upande uliko uwanja wa ndege sasa. Reli ilipofika mwaka 1901 mji ukawekwa upande huu wenye mgongo, penye upepo na mteremko wa maji. Wazungu wakajichukulia mgongo wenyewe, Milimani, Wahindi wakawa karibu na maduka, na Mwafrika akaachiwa pembeni: Manyatta, Nyalenda, Pandpieri, tambarare zenye udongo ule ule mweusi. Kwa hiyo ukiona leo visima vya Manyatta viko hatua chache kutoka kwenye choo cha shimo, na maji yako karibu mno na uso wa ardhi, usidhani ni uzembe wa waliochimba. Mwenye kuchagua mahali alichagua zamani.

Migosi, nikuambie kwa haki, si Dunga. Iko mbali na ziwa na iko juu yake. Sidhani waya ataliona ziwa likibisha hodi mlangoni. Maji yanayomfikia yeye hutoka nyuma, kwenye milima ya Kajulu na Riat, mvua ya jioni inapopiga na mitaro imejaa taka. Na hutoka chini. Jirani mwenye ghorofa la rangi ya machungwa ana pampu inayonguruma kila msimu wa masika, ikitoa maji kwenye shimo alilodhani litakuwa ghala.

Kuna jambo nililisoma zamani kuhusu jiji la Mexico, nikalikumbuka nikiwa nimekaa pale Dunga. Jiji hilo limejengwa juu ya ziwa, ziwa kweli, ambalo Wahispania walilikausha. Chini yake ni tope tupu, na sehemu nyingine za jiji zimezama mita kadhaa katika miaka mia moja iliyopita. Katikati ya mji kuna jumba la sanaa la marumaru, zito, zuri ajabu, lililowekwa juu ya bamba la msingi. Nalo limezama, ngazi za kuingilia zikamezwa. Ng'ambo tu ya barabara kuna mnara wa orofa 44 uliokamilika mwaka 1956. Waliojenga mnara huo walianza na udongo. Waliupima kwanza, wakazamisha mamia ya nguzo zaidi ya mita 30 chini hadi tabaka gumu. Tetemeko la 1957 likapita, la mwaka 1985 lililoua maelfu likapita, na mnara ungali umesimama. Majumba mawili, barabara moja, tope moja. Kwa hiyo anayesema huwezi kujenga juu mahali pa bondeni hasemi kweli. Unaweza. Ila gharama ya kwanza unaizika mahali ambapo hakuna atakayeisifu.

Usiku huo nilimpigia binamu simu. Nikamwuliza ramani yake ilichorwa kwa kutumia udongo upi.

Kimya kidogo. Kisha akaniambia ukweli, na ukweli huo sikuupenda. Ramani ilikuwa ya ghorofa ambalo mtu fulani alijenga Nairobi, mtaa wenye mwamba karibu. Mchoraji aliibadilisha jina la mwenye ploti na namba ya ploti, basi. Ilikuwa nafuu.

"Lakini msingi si msingi?" akasema. "Nyumba imesimama kule miaka kumi."

Nikamwambia kwamba udongo wa kule haukuja na ramani. Akakasirika. Akaniuliza kama najua riba ni kiasi gani kila mwezi, na kama ni mimi nitakayemlipia karo ya watoto wake watatu. Nikanyamaza, kwa sababu hapo alikuwa na haki. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyeanza kulipa deni la nyumba ambayo haijawa hata shimo.

Waya alikuwa amesikia kila neno, ingawa alijifanya anachambua mboga. Aliponyanyua uso hakusema habari za sahihi. Aliuliza bomba.

"Nyumba ishirini, kila moja choo. Bomba langu lililipwa kwa choo kimoja. Mtoto wangu ameuliza hilo?"

Hakuwa ameuliza. Na hapa ndipo naona wapangaji wa miji yetu wanapojikwaa. Ghorofa moja likiongezwa, mtaro hautambui. Yakiongezwa arobaini, siku moja ya mvua kifuniko cha bomba kinainuka katikati ya njia na mtaa mzima unajua wengine wamekula nini. Mtaa uliopimwa kwa familia mia kadhaa unapewa maelfu, kwa mabomba yale yale, mitaro ile ile, barabara ile ile ambayo gari la zimamoto lingepata shida kugeuka. Halafu kila landilodi anaongeza tangi lake la maji juu ya paa, tani juu ya tani, na kisima chake chini. Hayo si makosa ya mtu mmoja, ndiyo maana hakuna anayeyaona kuwa yake.

Kuna na kivuli. Waya hakulalamika juu ya kivuli, mimi ndiye niliyekiona. Tangu ghorofa la kulia liinuke, sukumawiki yake hupata jua hadi saa tano tu. Upepo wa ziwa, ule unaoanza kuvuma mchana na ambao ndio pekee unaofanya Kisumu kukalika, sasa hugonga ukuta wa rangi ya machungwa ukageuka. Nguo zake hukauka siku ya pili. Lakini kutoka orofa ya nne ya ghorofa lile, nilipopanda na kijana mmoja mwanafunzi anayepanga pale, niliona Ziwa Victoria lote la Ghuba ya Winam, limelala kama bati jipya, na milima ya upande wa pili ikiwa buluu. Kijana akaniambia kodi yake ni nafuu kuliko ya chumba alichokuwa nacho Nyalenda, na hapa ana maji ndani. Nikamwuliza kama anajua msingi wa jengo lake. Akanitazama kama nimemwuliza kabila la seremala.

Siku ya tatu waya alitoa uamuzi wake, na haukuwa ndiyo wala hapana.

"Mwambie nitatia sahihi," alisema. "Lakini kwanza achimbe. Si kwa ajili ya kujenga. Achimbe shimo moja hapa, karibu na mwembe, na lingine kule kwenye kona. Tuone. Udongo upelekwe kwa wenye kuupima. Wakisema nguzo ndefu, aweke nguzo ndefu, hata kama orofa zitakuwa tatu badala ya tano. Na mwembe ukatwe. Unakunywa maji upande mmoja wa nyumba, ndiyo sababu ukuta ule wa nyuma umepasuka zaidi. Baba yako alinionya siku niliyoupanda, nikamwona mtu wa wivu."

Nilimwuliza anaujuaje mwembe kiasi hicho. Akasema kwa kuutazama miaka thelathini.

Yule msimamizi wa jirani alitupa vijana wawili jioni ile, kwa bei ya ujirani. Walichimba shimo la kwanza hadi kifuani, weusi mtupu, majembe yakitoka yamevaa tope kama soksi. Walipofika kimo cha mtu bado hapakuwa na maramu. Wakaacha, wakasema wataendelea kesho. Waya akalifunika kwa mabati mawili, asije kuku akatumbukia.

Usiku ikanyesha ile mvua ya Kisumu, inayokuja na radi kutoka ziwani kama lori la mawe. Niliilala nikiisikiliza. Asubuhi, kabla ya chai, waya alikuwa amekwisha kutoka nje na fimbo ya ufagio aliyoifunga vipande vya kitambaa kila shubiri. Mabati aliyaondoa. Shimo lilikuwa na maji. Hayakuwa maji ya mvua pekee, kwa kuwa mabati yalilifunika vizuri. Yalikuwa yakitoka ubavuni, kwenye ukuta wa udongo, kidogo kidogo, kama jasho.

Simu ikalia. Ni binamu.

"Mama amekubali?" akauliza.

Nikamwambia shimo lina maji.

Akakaa kimya hadi nikadhani laini imekatika. "Maji kiasi gani?"

Nikamgeukia waya. Aliichomoa fimbo polepole, akaipangusa kwa pindo la leso, akaanza kuhesabu vitambaa.